Mume Anakwangua Rangi kwa Ukucha, Mke Anaona Aibu

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili na wa tatu yuko tumboni, mimba ya miezi mitano. Tumejikusanya tununue nyumba. Mimi na mume wangu tunapenda nyumba za kale na tumepata mbili, zote zimepita miaka 100. Ya kwanza ina ghorofa tatu, ngazi za mbao zilizochongwa, madirisha marefu yanayoshuka mpaka karibu na sakafu, na sebule ambayo mgeni akiingia lazima anyamaze. Ina ile harufu tamu ya vitu vya zamani, na mwenye nyumba amejitahidi, ukuta mmoja wa sebule kaupaka rangi mpya upande wa chini. Nimeshaona meza ya wageni itakaa wapi. Ya pili ni ya ghorofa moja tu juu, dari ziko chini, haina cha kumwonyesha mgeni, ila ina uwanja nyuma na chumba kikubwa chini. Mume wangu anaitaka hiyo ya pili kwa ubahili, na kwa kuwa mama yake ameisifia. Siku tuliyokwenda kuona ile nzuri, alipiga magoti mbele ya dalali akakwangua fremu ya dirisha kwa ukucha, kisha akabandika kiganja ukutani. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe naye akasimama kwenye ngazi akasema, 'Hizi zitatutolea mtoto roho.' Maneno gani hayo mbele ya mjamzito? Dalali anataka arubuni Ijumaa. Nifanyeje mume wangu anisikilize mimi, sio mama yake? Mama wa Wawili."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mimba. Kupanda na kushuka ngazi za watu ukiwa na tumbo la miezi mitano ni kazi, pole sana. Pole imetosha, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wageni umewataja mara tatu. Watoto wako umewataja mara moja, pale ulipojitambulisha. Neno mtoto likirudi tena linatoka kinywani mwa mama mkwe wako, nawe ukamkasirikia kwa kulitamka.

Tuanze na huo ukucha. Mumeo hakukwangua ukuta wala mlango, alikwangua fremu ya dirisha. Huyo mtu ameuliza mahali, au amesoma. Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na nyumba iliyopita miaka 100 imepakwa mara nyingi, rangi juu ya rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na yako ilishazeeka wakati huo. Rangi iliyotulia ukutani haina matata makubwa. Matata yako dirishani, maana kila ukilifungua na kulifunga mbao zinasuguana, rangi inasagika na vumbi linashuka. Madirisha yako umesema yanashuka mpaka karibu na sakafu. Nani anatambaa sakafuni, akiokota na kulamba? Huyo uliye naye tumboni, mwakani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hunyonya risasi anayoila mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Inagusa ubongo unaokua, na ukishaguswa haurudi ulivyokuwa. Hata mjamzito risasi humpita ikamfikia mtoto. Kwa hiyo wakati wewe unamtazama dalali atasema nini, mumeo alikuwa amepiga magoti kwa ajili ya watoto wako watatu.

Na kiganja je? Hiyo harufu unayoiita tamu, mwanangu, ni unyevu. Ni mbao zinazooza na ukungu unaokaa nyuma ya kabati. Jiulize, mtu mwenye sebule nzima ya kuuza anapaka ukuta mmoja, tena upande wa chini tu, kwa nini? Anaficha doa. Maji yanapanda kutoka ardhini na huonekana chini kabla ya kuonekana juu. Nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha hewa: ukuta unalowa, ukuta unakauka. Saruji tunayoijua leo ilipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1824, na tangu ienee, mafundi wamekuwa wakiipiga plasta juu ya kuta za chokaa wakidhani wanaziimarisha. Wanayafungia maji ndani. Ukuta unapendeza mwaka mmoja, miwili, kisha plasta inavimba na kubanduka mapande mapande. Huo ukuta ukiugonga ukasikia mlio wa kitu kitupu, ujue plasta imeshaachana na jiwe. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mumeo aliingia ndani. Wewe ulibaki mlangoni, ukipanga meza.

Umemwita bahili. Bahili hutazama bei ya kununulia akaishia hapo. Anayewaza paa la ghorofa tatu, jukwaa la kumpandisha fundi juu, madirisha marefu ya mbao ambayo kila moja lina kuoza kwake, huyo anapiga hesabu ya miaka ishirini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyumba ya kale ina nyufa nyingi kuliko mshahara wa watu wawili wenye watoto watatu.

Sasa mama mkwe. Kauli yake ilikuwa nzito, ningekuwa karibu naye ningemwambia, "Dada, sema taratibu, mwenzio ana mimba." Lakini je, alikosea? Ngazi za kuchongwa za zamani mara nyingi zina mapengo mapana kati ya nguzo ndogo za mkono wa ngazi, kwa kuwa waliozichonga walitafuta uzuri. Kanuni za ujenzi za Uingereza leo zinataka pengo kwenye ngazi za nyumba wanamoishi watoto wadogo lisipitishe mpira wa milimita 100, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kupenyeza mwili akaanguka, au kichwa kikanasa. Mama huyu amelea, akazitazama ngazi kwa jicho la mlezi, wewe ukasikia laana. Rudi uzipime kwa futi kamba kabla ya kununa.

Kuna jambo hukuliandika. Hicho chumba kikubwa cha chini ni cha nani? Hukusema, lakini nadhani mumeo anamwazia mama yake magoti yatakapogoma kupanda ngazi, na nadhani unajua, na hapo ndipo penye donda lako. Hapa mumeo ana kosa. Jambo la mama kuhamia linasemwa na mume kwa mkewe, mapema, kwa kinywa chake. Haliachiwi nyumba ilieleze. Na wewe kama humtaki mama mkwe chini ya paa lako, sema hivyo, msije mkagombania sebule miezi sita wakati ugomvi ni wa kitu kingine.

Hili naliona sana katika ndoa za siku hizi, na linaniuma. Watu wawili wanachagua nyumba kama wanachagua mandhari ya kupigia picha. Mgeni anakaa saa mbili, anasifia, anaondoka. Wanaobaki ni wale wale: mtoto anayekohoa usiku kwa ukungu, mume anayebeba ndoo chini ya paa linalovuja, mke aliyechoka kufuta vumbi la mbao. Nimepokea barua za wanawake wenye sebule za kunyamazisha mgeni, na humo ndani hakuna anayesemeshana na mwenzake.

Kwa hiyo ushauri wangu: chukueni ile ya pili, lakini msiichukue kwa macho. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na nyumba isiyo na urembo nayo inaweza kuwa na waya za umeme zilizochakaa, mchwa kwenye boriti, au risasi ile ile kwenye madirisha. Tafuteni mkaguzi wa majengo wenu wenyewe, asiyejuana na dalali. Pelekeni vipande vya rangi maabara. Ikithibitika ina risasi, pasikwanguliwe pakavu wala kupigwa msasa wala kuchomwa, aitwe fundi anayeijua kazi hiyo, na wewe na watoto msikanyage humo mpaka vumbi limesafishwa kwa maji. Mumeo naye umwambie aache mambo ya ukucha, asiwaletee vumbi nyumbani.

Arubuni Ijumaa usitoe. Dalali anayekukimbiza hataki ukae ufikiri.

Leo usiku, watoto wakishalala, mwulize mumeo aliona rangi ngapi pale dirishani. Hujamwuliza mpaka leo, maana ungemwuliza ungeniandikia.