Upande mmoja wa kifua ukiwa mweupe wote

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya utabibu hapa Tabora, hasa mnaopangiwa kituo kisicho na daktari wa radiolojia: eksirei inayoponza watu ni ile ambayo upande mmoja wa kifua umekuwa mweupe tupu. Mtu akiitazama tu anasema "maji hayo", na sindano inaagizwa. Subirini kwanza.

Tazameni bomba la hewa, ule mfereji mweusi unaoshuka kutoka shingoni. Maji yakiwa mengi hulisukuma upande wa pili. Pafu lililosinyaa hulivuta kuja kwake. Hili la pili mtakutana nalo kwa waliougua kifua kikuu zamani: pafu limebaki makovu, mbavu za upande ule zimesogeleana, hata moyo umehama. Ukichoma hapo maji hupati, na unaweza kumtoboa mtu pafu. Bomba likiwa katikati, fikirieni nimonia iliyoshika pafu zima. Vijia vyeusi vya hewa vikionekana ndani ya weupe, mashaka yanapungua.

Ila bomba hudanganya mgonjwa akipigwa picha amejipinda. Linganisheni ncha za ndani za mitulinga miwili na mstari wa uti wa mgongo. Umbali usipolingana, msiseme bomba limehama, ombeni picha nyingine. Na moyo msiupime kwenye picha ya mgonjwa aliyelala; ile kanuni ya kutozidi nusu ya upana wa kifua ni ya aliyesimama, mionzi ikitokea mgongoni.

Maji kidogo hujificha. Pembe ya chini ya pafu huanza kuzibika yakifika kama mililita 200, kwa hiyo pembe kali haijamaliza mjadala.

Upepo nje ya pafu huacha mstari mwembamba, na nje ya mstari huo huoni mshipa hata mmoja. Lakini mgonjwa akitweta, presha inashuka na bomba limesukumwa, huyo hapelekwi eksirei: toeni upepo kwanza.

Kifua kikuu hupenda kilele cha pafu, wakati mwingine na matundu. Kwa mwenye VVU aliyedhoofika sana, picha inaweza kuwa safi kabisa. Makohozi yaende maabara vilevile. Na jamani, mkinitumia picha ya simu WhatsApp usiku, msinikatie kilele!