Mtoto mdogo kwenye mashine ya kupumulia: niliyojifunza katika chumba cha upasuaji

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kutoa dawa za usingizi, niliwahi kumpumulisha kwa mashine mtoto mchanga wa kilo 4 nikishangaa kwa nini kabonidayoksaidi yake ilizidi kupanda, ilhali mashine ilionyesha kwamba inatoa kila nilichoiagiza. Niliongeza idadi ya pumzi, kisha nikaongeza shinikizo, na bado haikushuka. Muuguzi aliyekuwa akinisaidia, ambaye alikuwa na uzoefu kunizidi, ndiye aliyeniambia kwa upole, "Daktari, samahani, hicho kichujio si cha mtu mzima?"

Kichujio hicho, kinachowekwa kati ya mirija ya mashine na mdomo wa mgonjwa, kilikuwa cha mtu mzima. Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo maana aibu yake haijanitoka hadi leo. Mtoto hupewa takriban mililita 6 hadi 8 za hewa kwa kila kilo katika pumzi moja, kwa hiyo yule wa kilo 4 alistahili kama mililita 28. Kichujio cha mtu mzima kinaweza kubeba mililita 30, 50 au hata zaidi, na hewa inayobaki humo haifiki mapafuni kubadilishwa, hivyo sehemu kubwa ya kila pumzi niliyompa ilikuwa hewa aliyokwisha kuitoa mwenyewe, ikienda na kurudi. Mtu mzima anayevuta mililita 450 hawezi kusumbuliwa sana na nafasi hiyo. Tangu siku hiyo, kabla mtoto hajalazwa mezani, mimi hukagua kila kilichopo kati ya kiungio cha mirija na mdomo wake, na kisicho na kazi hukiondoa.

Mirija yenyewe nayo hula hewa, kwa sababu hutanuka kidogo kila inaposukumiwa pumzi. Mashine za kisasa hupima mnyumbuko huo wakati wa ukaguzi wa asubuhi na kuufidia, lakini zinachokipima ni mirija iliyounganishwa wakati ule. Ukiondoa mirija ya watu wazima na kuweka ya watoto baada ya ukaguzi, rudia ukaguzi wote, hata kama daktari wa upasuaji amekwisha kuvaa glavu na anakutazama.

Haraka ya mambo haya inatokana na mwili wa mtoto wenyewe. Mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu maradufu ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, na akiba iliyomo mapafuni hupungua mara tu anapolala, kwa kuwa kifua chake ni laini na vijia vyembamba vya hewa huanza kujifunga hata katika pumzi ya kawaida. Kwa sababu hiyo huwa naacha shinikizo dogo mapafuni mwishoni mwa kila pumzi, takriban sentimita 5 za maji, na mrija ulioingizwa kwenye njia yake ya hewa ukishathibitishwa kuwa mahali pake napunguza oksijeni hadi kiwango kinachomtosha mtoto. Oksijeni tupu hufyonzwa yote na kuviacha vifuko vya hewa vikisinyaa, na kwa mtoto njiti wingi wake huhatarisha macho pia.

Kuhusu kuchagua mtindo wa shinikizo, ambapo mashine husukuma kila pumzi hadi shinikizo ulilopanga, au wa ujazo, ambapo hutoa kiasi cha hewa ulichopanga, wenzangu hubishana kuliko inavyostahili. Mtindo wa shinikizo unafaa, mradi ukumbuke kwamba ujazo wa pumzi utabadilika pindi mapafu au tumbo vitakapobadilika. Niliwahi kumhudumia mtoto katika upasuaji wa matundu madogo, ambapo tumbo hujazwa gesi na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kusukumwa juu. Nilipandisha shinikizo ili pumzi zitoshe, na gesi ilipoachiliwa ghafla mwishoni, shinikizo lilelile likaanza kumpa pumzi kubwa mno, na kabonidayoksaidi ikaporomoka. Kuporomoka huko si jambo la kupuuza, kwa kuwa hupunguza damu inayokwenda kwenye ubongo. Mwambie daktari wa upasuaji akutaarifu kabla ya kuachilia gesi, na uweke kengele za ujazo wa chini na wa juu karibu na kiwango cha mtoto huyo, wala usiache zile za mgonjwa aliyetangulia.

Kwa mtoto mwenye mapafu mazima, tofauti kati ya shinikizo la pumzi iliyoingia ikiwa imetulia na lile linaloachwa mapafuni baada ya pumzi kutolewa kwa kawaida huwa chini ya sentimita 10 za maji. Ikikaribia 15, mimi huacha kugusa vitufe na kumtazama mtoto: je, mrija umepinda, una makohozi, au umeingia kwenye pafu la kulia? Trakea, yaani njia kuu ya hewa, ya mtoto mchanga ina urefu wa takriban sentimita 4 hadi 5 tu, kwa hiyo kichwa kikiinamishwa mrija hushuka, na kikinyooshwa nyuma hupanda na unaweza kuchomoka. Sikiliza kifua upya kila mtoto anapogeuzwa.

Oksijeni ikishuka na sababu isionekane mara moja, mpe oksijeni kamili, mtoe kwenye mashine na umpumulishe kwa mfuko wa mkono. Mkono wako utakueleza upesi kama ugumu uko kwa mtoto au kwenye mashine. Mfuko huo, wa saizi ya mtoto na uliokwisha kujaribiwa, uwe karibu na kichwa chake kabla hajaletwa chumbani.