Ba'mdogo, Nunua Pawatila Inayofaa Majaruba Yako

Wiki iliyopita baba mdogo alinitumia picha ya trekta dogo la magurudumu manne, jekundu, linang'aa. "Mwanangu, hili unalionaje?" Nikamjibu: "Shikamoo ba'mdogo. Zuri sana. Usilinunue."

Yuko Mbarali, mkoani Mbeya, ana ekari 3 za mpunga, udongo mfinyanzi, majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji) madogo madogo. Trekta la namna ile kugeuka tu humo ni kazi, na tope likikolea linazama. Pawatila, yaani trekta la mkono la magurudumu mawili, ya nguvu za farasi 12 hadi 16, ukiivisha magurudumu ya chuma, inachavanga, yaani inavuruga tope liwe laini, na kutoka salama.

Najua ninachosema, yangu ndiyo inayosomesha wanangu. Nilipoinunua, ndugu walicheka. Kwenye kikao cha harusi mmoja akauliza, mbele za watu, trekta lenyewe linafika lini. Sijasahau. Siku hizi mvua zikianza, hao hao wananipigia simu usiku kuwahi foleni. Nawalimia, ila bei ni ile ile ya wateja wengine.

Haya, tuje kwenye kununua. Anzia kwa fundi wa kwenu, siyo kwa muuzaji. Muulize injini ipi ameizoea, na kama mikanda, nozeli na visu vya rotaveta (kile kifaa cha nyuma kinachokatakata udongo) vinapatikana Igurusi au Rujewa. Usije ukaagiza spea Dar huku miche inazeeka kitaluni.

Kama imeshatumika, fika bila taarifa. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, wameshaiwasha mapema ili isiwaaibishe mbele yako. Subiri ipoe, ndipo ipigwe hendeli. Moshi wa bluu usiokatika maana yake inakula oili. Chomoa kijiti cha oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, aga uondoke.

Wenye ardhi kavu na ngumu, mimi siongei na ninyi. Huko pawatila itarukaruka juu juu na kumaliza visu. Kodini trekta kubwa.

Na vijana, acheni kununua mashine kwa ajili ya kupiga nazo picha tu! Shamba halijali rangi.

Ba'mdogo, ukiuza ng'ombe, hela isiishie yote kwenye mashine. Bakiza ya dizeli, oili, seti ya visu na tela. Tela usiliache, maana mavuno yakiisha ndilo litakalobeba magunia na matofali ya watu kwa malipo.