Mume wangu hanitamkii mapenzi kama nilivyoona kwa Violet

Shangazi, shikamoo. Nina miaka minne katika ndoa na mume wangu hajawahi kuniambia "nakupenda". Nimemaliza sehemu zote 13 za katuni ya Violet Evergarden, nikalia usiku kucha, kwa kuwa sasa nimeyaona mapenzi ya kweli. Nilipomwomba aniandikie japo barua moja, alinijibu, "Si nipo?", akachukua madumu akaenda kuteka maji. Je, niendelee kuvumilia?
Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machozi. Katika barua yako yote, mume wako nimemwona mara moja tu, na mara hiyo alikuwa na madumu mkononi.

Katuni hiyo ya Kijapani ya mwaka 2018 nami nimeitazama, kwa kulazimishwa na mjukuu wangu, kwa hiyo hapo hunidanganyi. Violet alitumiwa vitani kama silaha, akapoteza mikono yote miwili, na Meja Gilbert, mtu aliyempa hata jina, alimwambia "aishiteru", yaani "nakupenda", walipokuwa wakitengana. Neno unalolililia wewe mwenzako aliambiwa waziwazi, lakini maana yake hakuielewa mpaka alipoajiriwa kuwaandikia watu barua kwa taipureta, kwa vidole vya chuma, akalazimika kusikiliza yaliyomo mioyoni mwao. Mwanzoni alichoandika kilisomeka kama ripoti ya jeshi. Je, unaikumbuka barua aliyoiandika kwa niaba ya Luculia, msichana aliyesoma naye, kwenda kwa kaka yake aliyekuwa amezama katika pombe kwa kujilaumu? Ilisema tu kwamba anafurahi kuwa yu hai, na asante. "Nakupenda" haimo.

Tena Wajapani wenyewe neno hilo hawalitamki ovyo majumbani mwao.

Sasa nikwambie lisilokupendeza. Unajiona Violet, kumbe wewe ni Ann, yule mtoto aliyenuna kwa sababu mama yake mgonjwa alijifungia na mgeni, yaani Violet, siku saba wakiandika barua, akidhani barua hizo ni za watu wengine. Zilikuwa 50, zote zake, moja kwa kila siku yake ya kuzaliwa baada ya mama kufariki. Ann alikuwa mtoto mdogo, tunamsamehe. Wewe una miaka minne ya ndoa na bado hujui aliyekutekea maji alikuwa akisema nini. Wake wa siku hizi mnapima waume kwa kioo cha simu, halafu mnashangaa nyumba imepoa.

Mimi niko upande wa huyo kijana. Violet ndiye aliyekuwa akiandika, mwanangu. Hakukaa akingoja kuandikiwa. Andika wewe, usiku huu, sentensi mbili, moja ya shukrani kwa maji, kisha uichomeke kwenye mkono wa dumu mahali atakapoigusa alfajiri, na akirudi usimwulize kama ameisoma.