Kwa Nini Kitako cha Gobori Kilikatika Shingoni

SWALI: Mimi ni seremala wa Kibuye, Kisumu. Kikundi cha maigizo kimeniomba nichonge mfano wa bunduki ndefu ya kushindiliwa mdomoni, ile ya Marekani ya karne ya 18, mtutu wake ukiwa wa mbao. Nilichora umbo juu ya ubao wa mvule, nikalikata, nikalilainisha lote, kisha nikaanza kuchimba mfereji wa mtutu. Kabla sijamaliza, kitako kilikatika pale kinaposhikwa kwa mkono. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu fundi, ulikosea mara mbili, na kosa la kwanza ulilitenda kabla hujashika msumeno. Mchonga mpini wa shoka huutazama mti kwanza aone nyuzi zake zinaelekea wapi, na akiona zinaukatiza mpini kwa mshazari huutupa kwenye kuni. Kitako kinataka uangalifu uo huo, ila chenyewe kina mteremko: mbele hufuata mtutu ulionyooka, kisha shingo, yaani pale pa kushikwa kwa mkono, hushuka kuelekea begani. Ukiulaza mchoro ili nyuzi zifuate mtutu, nyuzi hizo hizo zitaikata shingo kwa mshazari na kubaki fupi. Tena shingo ni nyembamba, nayo huchimbwa kuliko mahali pengine, kwa kuwa juu hukaa mkia wa mtutu, ubavuni mtambo wa gumegume unaotoa cheche, na chini kifyatuo. Geuza mchoro mpaka nyuzi ziipitie shingo kwa urefu, hata kama huko mbele zitakwenda upande kidogo. Mafundi wa zamani walipenda ubao uliopasuliwa sehemu ya chini kabisa ya shina, mahali ambapo nyuzi hujipinda zenyewe kuelekea mizizini.

Mvule nao haukukusaidia. Nyuzi zake zimesukana na hunyofoka ukipiga randa, na mara nyingine ndani yake mna vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali ya patasi. Kule Pennsylvania, ambako mafundi wenye asili ya Kijerumani waliikuza bunduki hii, walitumia mti wa mepo (maple). Ulaya walipenda mjozi (walnut). Wewe tafuta siala, ambao huku kwetu tunautumia kwa mipini, na uwe umekauka kivulini. Maseremala huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, nawe unahitaji unene wa inchi mbili na nusu hivi, kwa hiyo usinunue ubao uliopasuliwa mwezi jana.

Kosa la pili ni la utaratibu: ulianza nje, ilhali kazi hii huanzia ndani. Ubao ukiwa bado na pembe nne hukaa imara kwenye jiliwa, na kingo zake hukupa mistari ya kupimia. Chimba kwanza mfereji wa mtutu, ambao kwa kawaida una pembe nane na urefu wa inchi 42 hivi. Upake mtutu masizi yaliyochanganywa na mafuta, uulaze mferejini, kisha uuinue; palipobaki doa jeusi ndipo panapogusa, nawe papunguze kidogo kidogo. Kazi hii inachosha, na hapa ndipo wavivu hujaza gundi. Halafu uje mfereji wa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ukiacha kati ya mifereji hiyo miwili ukuta wa milimita 3 hivi, ndipo uchimbe nafasi ya mtambo. (Umefanya vyema kubaki na mtutu wa mbao, maana Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu yeyote tu kujitengenezea bunduki.)

Urefu kutoka kifyatuo hadi mwisho wa kitako huwa karibu inchi 13 na nusu, lakini usiuamini sana mkanda: mwambie mwigizaji akiweke kitako kwenye kunjo la kiwiko, na kidole chake kikifikie kifyatuo.

Sasa ndipo uchonge nje. Tumia kisu cha mikono miwili, ukizigeuza pembe nne kuwa nane, nane kuwa kumi na sita, kisha upige tupa, na msasa mwisho kabisa. Shingo uiache nene hadi siku ya mwisho, ingawa si nene milele, kwa sababu vitako vingi vya wanaojifunza huishia kufanana na mchi. Umalizie kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba juu ya jingine lililokwisha kukauka. Vanishi usiipake, kwani chini ya taa za jukwaani itaifanya gobori yako ing'ae kama kiti cha sebuleni.