Kutoa Kutu kwa Umeme: Maswali ya Wasomaji

Swali: Ndugu mhariri, nina randa ya chuma na spana kadhaa zilizoliwa na kutu. Nimesikia kutu inaweza kutolewa kwa umeme ndani ya ndoo ya maji. Niandae nini, na kwa vipimo gani?

Jibu: Ndugu msomaji, tafuta ndoo ya plastiki, magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti), chaja ya kawaida ya betri ya gari ya volti 12, na vipande vya chuma ambavyo uko tayari kuvipoteza. Mabaki ya nondo za ujenzi yanafaa sana. Kila lita 4 za maji zitie kijiko kimoja cha chakula cha magadi, ukoroge mpaka yayeyuke yote. Ukizidisha magadi, kutu haitoki vizuri zaidi. Ampea ndizo zinazopanda mpaka chaja ipate moto.

Fungua randa, utoe mbao, plastiki, shaba na hasa aluminiamu, kwa kuwa maji ya magadi huila aluminiamu. Osha grisi yote kwa sabuni, kwani palipo na grisi maji hayagusi chuma. Kisha chagua sehemu moja yenye ukubwa wa kucha, uisugue kwa msasa au tupa mpaka ing'ae. Hapo ndipo utafunga waya.

Simamisha nondo tatu au nne kuzunguka ndoo kwa ndani, uziunganishe kwa waya juu ya maji. Ziwe umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye kifaa, na zisigusane nacho hata kidogo. Kibanio cha hasi (cheusi) kishike kifaa chenye kutu. Kibanio cha chanya (chekundu) kishike nondo. Rudia kukagua hapa kabla ya kuwasha. Ukigeuza, kifaa chako ndicho kitakacholiwa na nondo ndizo zitakazosafishwa. Kibanio cha chanya kibaki juu ya maji, la sivyo nacho kitaliwa.

Ukiwasha, mapovu membamba huanza kupanda kutoka kwenye kifaa kama nyuzi. Baada ya saa moja hivi, povu la rangi ya kahawia hutanda juu ya maji. Kwa ndoo ya lita 20, ampea 2 hadi 5 zinatosha. Kutu nyepesi humaliza saa chache, nzito huhitaji usiku mzima.

Mapovu yale ni haidrojeni, gesi inayolipuka. Fanyia kazi hii nje au mahali penye upepo wa kutosha, bila sigara wala jiko karibu, na usifunike ndoo. Kabla ya kugusa kibanio chochote, zima chaja kwenye soketi, maana cheche moja ya kibanio inatosha kuiwasha gesi hiyo. Wala usijaribu kamwe kutumia umeme wa ukutani moja kwa moja bila chaja, huo unaua.

Swali: Nimefuata kila kitu, lakini mshale wa ampea hausogei na mapovu hakuna. Chaja ni mpya kabisa.

Jibu: Huenda upya wake ndio tatizo. Chaja nyingi za kisasa hupima kwanza kama kuna betri, na zisipoiona hazitoi umeme wowote. Ndoo ya magadi si betri, basi chaja inakaa kimya. Tafuta chaja ya zamani yenye transfoma tu, au kifaa cha umeme mnyoofu (DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu) ambacho unaweza kurekebisha volti na ampea zake.

Kama chaja ni ya zamani, angalia mguso. Kutu haipitishi umeme vizuri, na waya uliofungwa juu ya kutu ni sawa na waya usiofungwa. Zima, fungua, sugua tena mpaka chuma kionekane cheupe, kisha kaza waya. Mnyororo una ugumu wake wa pekee: kila pete imetenganishwa na mwenzake kwa kutu, hivyo umeme unaishia pete ya kwanza. Usugue sehemu nyingi na uupitishie waya unaogusa pete kadhaa.

Ikiwa mapovu yalikuwepo kisha yakapungua, toa nondo uzitazame. Hujifunika tope la kahawia ambalo huzuia umeme. Zikwangue kwa brashi ya waya na uzirudishe.

Na kama upande mmoja umesafika na mwingine bado, ujue umeme hupenda njia fupi: upande usiotazamana na nondo hupata kidogo. Geuza kifaa, au ongeza nondo upande ule.

Swali: Nondo zinachafuka upesi. Je, nitumie bamba la chuma kisichoshika kutu? Na magadi yakikosekana, chumvi ya mezani itafaa?

Jibu: Yote mawili, hapana, na tunasisitiza. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu. Kikiwekwa upande wa chanya, kromiamu hiyo inaweza kuingia majini ikiwa katika hali yake yenye sumu, inayosababisha saratani. Maji hayo hupaswi kuyagusa, wala kuyamwaga popote. Chuma kilichopakwa zinki nacho kiache.

Chumvi nayo hutoa gesi ya klorini upande wa chanya, gesi inayounguza mapafu. Subiri upate magadi. Hayo hayaishi kwa kazi. Maji yakipungua ongeza maji matupu tu.

Swali: Spana zimetoka nyeusi badala ya kung'aa, na nilipoziacha zikauke zikashika kutu upya siku hiyohiyo!

Jibu: Weusi huo ni kutu nyekundu iliyobadilishwa na umeme. Haujashika sana: isugue spana kwa brashi chini ya maji ikiwa bado mbichi, na weusi utatoka kama masizi. Ukiuacha ukauke, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Kuhusu kutu mpya, kosa ni kungoja. Chuma kilichotoka ndooni kiko uchi, na unyevu wa hewani unatosha kukiharibu. Suuza, futa kwa kitambaa, kaushia karibu na joto mpaka maji yatoke kwenye pembe na meno, kisha paka mafuta kabla hakijapoa.

Swali: Kifaa kimetoka na vishimo. Umeme umekila?

Jibu: Hapana, ikiwa kilikuwa upande wa hasi. Kutu ilikwishakila zamani na kuvijaza vishimo hivyo. Sasa unaviona tu. Chuma kilichopotea hakirudi.

Swali: Naweza kutia springi na bolti za gari?

Jibu: Bolti za kawaida za chuma laini, ndiyo. Springi na bolti zilizofanywa ngumu, usitie. Haidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla kikibeba mzigo, bila ufa kuonekana kabla. Siki na asidi nyingine zina hatari hiyohiyo. Springi isugue kwa brashi ya waya na mafuta. Bolti za breki au usukani zilizoliwa na kutu, nunua mpya.