Vijana 60, mafundi 11: uanagenzi wa Makorora upanuliwe vipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi wa kuchomelea na maseremala hapa Makorora, Tanga. Tuko mafundi 11. Kila mwaka tunapokea vijana kama 14, nao wanajifunza kwa kuangalia na kushika, kama tulivyojifunza sisi. Mwaka huu kata imetuomba tufikishe vijana 60. Chuo kimoja cha ufundi kiko tayari kushirikiana nasi, na kiwanda kimoja kimeahidi kupokea baadhi yao. Wenzangu wanasita. Wanasema kijana akishaijua kazi anafungua karakana yake mtaa wa pili na kuondoka na wateja. Tuupange vipi ushirikiano huu usije ukatuvunjikia mikononi? (Msomaji, Makorora)

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Nimefanya kazi ya kuwaunganisha vijana na karakana kwa miaka mingi, na namba iliyonishtua katika barua yako ni hiyo 11. Kabla hamjatia saini popote, kaeni mhesabu mafundi. Katika kuchomelea, fundi anamfundisha kijana mmoja vizuri, wawili kwa taabu. Mshono, yaani ule unganiko la vyuma viwili, unafundishwa wakati moto unawaka. Fundi anainama ubavuni mwa kijana, ngao usoni, anasikiliza mlio wa moto na kumwambia: sogea, umeinua mno, usikimbie. Ukishazima mashine, kilichobaki ni kusimuliana. Seremala anaweza kuongeza wa tatu, maana kijana anayepiga randa unamwona hata ukiwa upande wa pili wa benchi. Kwa hiyo mafundi 11 ni vijana 22, labda 25, na hapo nimechukulia kwamba wote mna kazi mwaka mzima. Wewe unajua wangapi hukaa wiki mbili bila oda.

Matokeo ya kuzidisha nimeyaona kwa macho. Gereji moja niliyoitembelea ilikuwa na kijana aliyetimiza miezi minane. Nilimwomba daftari lake la mafunzo: kurasa mbili zimejazwa, zote za wiki ya kwanza. Pembeni palikuwa na injini imefunguliwa, nikamwomba anirekebishie nafasi ya valvu. Akaitazama ile injini, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, mimi huwa naosha vipuri." Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepauka na kupasuka kwa dizeli. Kijana yule hakuwa mvivu, wala fundi wake hakuwa mtu mbaya. Fundi huyo alikuwa na vijana saba.

Ndiyo maana nakushauri ushirikiano wa kwanza muutafute kwa mafundi wengine, kabla ya chuo na kabla ya kiwanda. Tembeeni Ngamiani, kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya 21, mwende Mabawa, Duga na Gofu, mwandike kila mwenye karakana: ana mashine ngapi, anafanya kazi gani zaidi, na je, yuko tayari kufundisha. Ofisi ya SIDO nayo iulizeni, maana shirika hilo limekuwa likihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973 na linawajua wenye karakana ambao ninyi hamkutani nao. Halafu kuna hazina nyingine ambayo Tanga inayo na miji mingi haina: wastaafu wa reli, wa bandari na wa viwanda. Mzee aliyefanya kazi ya ufiti, yaani kufunga na kurekebisha mitambo, kwa miaka 30 anajua kusoma mchoro na kupima kwa kalipa. Huenda hana mashine yake, lakini ana muda na ana subira. Mleteni siku mbili kwa wiki, mlipieni nauli na posho, na heshima yake iwepo.

Fundi atakayefundisha apewe cheti kwanza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi ya mikono yake, anaonyeshwa alipopungukiwa, anapewa mafunzo ya kuziba pengo, kisha anatunukiwa. Wenzako wanaosita waanzie hapa. Cheti kitawafaa wao wenyewe siku halmashauri au kiwanda kitakapotangaza zabuni ya kazi za chuma na kudai vyeti vya mafundi.

Sasa chuo. Kiwape ambacho mtaani hakipatikani: kusoma mchoro, hesabu za vipimo, usalama, na mtihani. Sisitizeni jambo moja: kila kijana aandikishwe chuoni tangu mwezi wa kwanza, akiwa na namba yake. Nimeona vijana waliomaliza miaka miwili karakanani, mwisho wakaambiwa hawamo kwenye orodha ya watahiniwa. Kuhusu ratiba, mimi napendelea siku nne kwa fundi na moja chuoni, tena siku hiyo isiwe Ijumaa, maana swala inakata mchana, wala isiwe Jumamosi, siku ambayo wateja wanakuja kuchukua mageti yao na kijana anatakiwa aone kazi inavyokabidhiwa.

Kiwanda kina thamani kubwa, ila si ya kukaa mwaka mzima. Mtaani kijana anachomelea bomba jembamba la mraba, la geti na la dirisha, na kosa lake kubwa ni kulitoboa. Akiingia kwenye kiwanda cha saruji kule Pongwe, au kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi katika shamba la mkonge, anakuta bamba nene ambalo kosa lake ni la kinyume: mshono unapendeza juu, kumbe moto haukuingia ndani. Anakuta pia mshono wa wima na wa juu ya kichwa, na mashine ambayo haiguswi mpaka umeme ufungwe kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwa anayetengeneza. Wiki sita za kuyaona hayo zinatosha kwa awamu ya kwanza. Mkianza, pelekeni vijana wanne wanne, na kila kundi liwe na fundi wa kiwanda aliyepewa jukumu hilo kwa jina na kwa maandishi.

Meneja atawaambia kwamba tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile wahasibu wanayoiita SDL. Ni kweli, waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi wanailipa. Msibishane naye wala msimwombe fedha. Mwombeni nafasi, fundi, na vyuma chakavu.

Hapo kwenye vyuma nakaa kidogo, kwa sababu ndipo makubaliano mengi yanapofia. Nani ananunua rodi, vile vijiti vya kuchomelea? Kijana anayeanza anamaliza pakiti ya rodi za milimita 2.5 bila kutoa hata mshono mmoja wa kuuza. Zinamganda kwenye chuma, anazitupa nusu, na LUKU inakatika. Fundi anayelipia hayo yote mfukoni atafanya jambo la busara kwake: atamnyima kijana mashine na kumpa ufagio. Wafadhili wanakuja na fulana na bango la uzinduzi. Waambieni wazi kwamba mnahitaji rodi, mawe ya grenda, ngao, glavu za ngozi na vipande vya bamba. Kiwandani vipande hivyo vinauzwa kwa kilo. Kwa kijana wa miezi miwili kila kipande ni somo. Kiasi cha rodi kwa kila kijana kwa mwezi kiandikwe ndani ya mkataba, na jina la mwenye kuzileta liwe pembeni.

Mkataba huo uwe wa mwenye karakana, kijana na chuo, na mzazi au mlezi atie saini kama shahidi. Uwe wa kurasa mbili, wa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wote. Umri msiucheze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi hatarishi, na kuchomelea ni hatarishi. Nendeni pia kwa afisa kazi na ofisi ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mkaulize nani anawajibika kijana akiumia, na majibu myapate kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa.

Wasichana nawaombea kwa moyo wangu wote, na mambo mawili madogo ndiyo huwaondoa: choo chenye mlango unaofungika, na saa ya kutoka. Awe nje kabla jua halijazama. Na jingine la kiufundi: mtandio wa nailoni au poliesta ukipata cheche unayeyuka na kugandia ngozi. Chini ya ngao ajifunge kitambaa cha pamba, kibane vizuri, ncha ziingie ndani ya ovaroli. Anajisitiri na anafanya kazi yake.

Nimefika kwenye hofu ya wenzako, na siidharau. Fundi anayefundisha anatoa mtaji wake. Kumkataza kijana asifungue karakana hakuwezekani wala si haki. Kinachowezekana ni fundi alipwe kwa kufundisha. Fedha za mradi zisilipwe kwa mwezi, zilipwe kwa ujuzi: siku kijana anapopimwa na mwalimu wa chuo akaonekana anamudu mshono wa wima, fundi wake anapokea sehemu yake, akimudu kupima na kuunga fremu ya geti ikakaa pembe mraba, sehemu nyingine. Hapo fundi atatamani kijana ajue upesi. La pili, tafuteni kazi ambazo karakana moja haiwezi kuzibeba, kama madawati ya shule au vitanda vya zahanati, zipitie kwenye kikundi. Mhitimu akiwa mwanachama, karakana yake ya mtaa wa pili inakuwa mkono wenu wa kumaliza oda kwa wakati. Kwa zana za kuanzia, wahitimu wajiunge waombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu.

Najua wengi Tanga sasa wanatazama Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Kijana akipata nafasi huko aende. Ila msiijenge programu juu ya mradi mmoja. Ujenzi una siku yake ya kwisha, na mkoa huu ulishafundishwa na mkonge: mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kiasi cha tani 20,000. Mageti, vitanda na matela ya mikokoteni yataendelea kutengenezwa Makorora bomba likiwepo au lisiwepo.

Kata waambieni mwaka huu 24, mwakani 40, na 60 mtakapokuwa na mafundi 30 wenye vyeti. Mkimaliza kuorodhesha mafundi niandikie tena, uniambie wangapi wana mashine zao na wangapi wanaazima kwa jirani. Wanaoazima tutawapangia zamu yao peke yake, maana kijana wao hataweza kufanya mazoezi asubuhi, saa ambazo mwenye mashine anaitumia.